Siku Moja Kwenye Tamasha la Komiki Kampala: Mwongozo kwa Anayetoka Jinja, Tororo, Busia au Mbale

Kila tamasha la komiki, yaani vitabu vya hadithi za picha, linapotangazwa Kampala, maswali ni yale yale. Tiketi inakatwa wapi? Nikija bila vazi la mhusika nitarudishwa langoni? Nibebe shilingi ngapi? Naweza kwenda na kurudi Tororo siku hiyo hiyo? Nimeyajibu sana, kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu, na sasa nayaweka mahali pamoja ili mgeni ayakute yote.

Mwongozo huu ni wa shabiki ambaye hajawahi kwenda, ana siku moja tu, na pesa yake inahesabika. Nimemlenga anayetoka mashariki kwa sababu huko ndiko maswali mengi yanakotoka. Anayekaa Kampala penyewe, Ntinda au Makindye, aruke hatua ya safari, aendelee na nyingine.

Kuna jambo moja ninaloliamini kuliko yote nitakayosema hapa: meza za wachoraji ndizo tamasha lenyewe. Jukwaani kuna muziki, mashindano ya mavazi yana picha nzuri, michezo ya video ina foleni ndefu, na vyote hivyo utavipata pengine siku nyingine. Lakini mchoraji wa Kampala aliyejichapia nakala chache kwa pesa yake, akakaa nyuma ya meza ukamuuliza kwa nini shujaa wake ana kovu shavuni, huyo humpati dukani. Panga siku yako kwa ajili yake.

Historia kidogo tu. Mikutano ya mashabiki wa komiki ilianza Marekani miaka ya 1960, na ule wa San Diego, unaojulikana kuliko yote, ulianza mwaka 1970. Tokyo wana Comiket tangu 1975, ambako watu huuza vitabu walivyovichora na kuvichapisha wenyewe. Majirani zetu Nairobi wana NAICCON. Ya Kampala ni madogo kuliko hayo, na udogo huo una faida: unaweza kuongea na mchoraji kwa dakika kumi bila mtu kukusukuma mgongoni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka nyumbani

- Tiketi, au ujumbe wa malipo, ukiwa umepigwa picha na kuhifadhiwa kwenye simu. Usitegemee intaneti langoni.
- Kitambulisho.
- Pesa taslimu za noti ndogo: 2,000, 5,000 na 10,000.
- Pesa ya akiba kwenye simu, MTN au Airtel.
- Pawabenki iliyojaa, pamoja na waya wake.
- Begi la mgongoni lenye zipu.
- Bahasha mbili tatu za plastiki za saizi ya A4 na kipande cha kadibodi ngumu cha saizi hiyo hiyo. Komiki ya Marekani ina upana wa karibu sentimita 17 na urefu wa 26, kwa hiyo inaingia bila kukunjwa. Vitabu vya manga, yaani komiki za Kijapani, ni vidogo zaidi.
- Kipande cha paipu ya plastiki cha fundi bomba, urefu wa mkono, kwa ajili ya mabango. Kizibe ncha zote mbili kwa nailoni na mpira.
- Chupa ya maji. Sehemu nyingine hawaruhusu kuingia nayo, kwa hiyo uwe tayari kuinywa yote mlangoni.
- Koti jepesi la mvua, hasa kati ya Machi na Mei, na kati ya Septemba na Novemba.
- Kama utavaa kosplei, yaani vazi la mhusika: sindano, uzi, pini, gundi ndogo na nguo za kubadilisha.

Hatua ya 1: Hakikisha siku, mahali na mlango

Soma tangazo lote, usiishie kwenye picha. Kampala ina kumbi nyingi zinazopokea matamasha: viwanja vya maonyesho vya UMA pale Lugogo, Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza ulio karibu na Bunge, bustani za hoteli, kumbi za vyuo. Mahali huweza kubadilika wiki ya mwisho. Siku mbili kabla ya safari, rudi kwenye ukurasa wa waandaaji uthibitishe tena. Ukiona namba ya simu, piga.

Nunua tiketi mapema kama wanauza mapema. Lipa kwa njia iliyoandikwa na waandaaji wenyewe. Mtu akikuandikia kando kwamba anayo tiketi ya bei nafuu na utume pesa kwa namba yake, achana naye. Ukipata ujumbe wa kuthibitisha malipo, upige picha hapo hapo.

Hatua ya 2: Gawa pesa nyumbani, si ukumbini

Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Mtu anaingia na pesa yote katika mfuko mmoja, meza ya pili tu ameshamaliza, saa kumi jioni anaanza kupigia shangazi yake simu aombe nauli.

Chukua mfano wa mtu mwenye shilingi 150,000. Kwanza atoe nauli ya kwenda na kurudi pamoja na boda za mjini, aiweke katika bahasha yake peke yake. Bahasha hiyo haifunguliwi hata akikutana na komiki aliyoitafuta miaka. Pili, atoe chakula. Tatu, atenge 20,000 ya dharura. Kinachobaki ndicho cha kutumia, na ushauri wangu ni kwamba theluthi mbili ziende kwenye meza za wachoraji, theluthi moja kwenye stika, beji na vitu vingine vya kupendeza macho.

Toa taslimu siku moja kabla, karibu na nyumbani. Wakala aliye karibu na ukumbi anaweza kuishiwa pesa, na kila utoapo unakatwa ada pamoja na kodi ya asilimia 0.5. Ukimlipa mchoraji moja kwa moja kwa simu, muulize kwanza ni mtandao gani na jina gani litatokea, kisha msome jina kabla ya kuweka namba yako ya siri.

Onyo: bei ya mchoraji usiivunje kama unanunua shati Owino. Ukiona ni kubwa kwako, mshukuru usogee, au muulize kama ana kitu kidogo zaidi. Wengi wana stika na kadi za picha kwa ajili ya mtu kama wewe.

Hatua ya 3: Amua mapema kuhusu vazi

Jibu la swali linaloulizwa kuliko yote: hapana, hulazimiki kuvaa kama mhusika. Fulana na suruali vinatosha, na ukienda mara ya kwanza hivyo ndivyo ninavyokushauri, ili miguu na akili viwe huru kutazama.

Kama moyo umekataa na unataka kosplei, anza wiki tatu kabla, na anza na rangi. Nenda kwenye mitumba, Soko la St. Balikuddembe (ndilo Owino) kama uko Kampala, au soko lolote la mitumba mjini kwenu, utafute koti, gauni au suruali yenye rangi na umbo la mhusika wako. Kisha mpelekee fundi cherehani pamoja na picha ya mhusika aliyesimama wima, mbele na nyuma. Fundi haelewi maelezo ya mdomo kuhusu mtu wa kwenye katuni, na wala si kosa lake.

Silaha na deraya hutengenezwa kwa mikeka ya povu ya watoto, ile inayounganishwa kama fumbo. Ikate kwa wembe mpya. Wembe butu unararua. Kwa kuunganisha tumia gundi ya fundi viatu: paka pande zote mbili, subiri mpaka kidole kikigusa hakinati, ndipo ubandike, na ukishabandika hakuna kurekebisha. Fanya kazi hiyo nje, kwa sababu mvuke wake unaumiza kichwa. Usipake rangi juu ya povu tupu, maana povu litainyonya na rangi itapasuka. Paka kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyolainishwa kwa maji kidogo, tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke, ndipo rangi ifuate.

Ukimaliza, livae vazi nyumbani saa nzima. Kaa. Panda ngazi. Inua mikono. Nenda nalo chooni. Kama kimojawapo kinashindikana nyumbani, kitashindikana zaidi kwenye umati.

Usijipake rangi ya ngozi ili ufanane na mhusika. Mhusika ni wako kwa ngozi uliyonayo. Na dada anayevaa hijabu hana sababu ya kubaki nyumbani: kitambaa chenye rangi ya nywele za mhusika, kikifungwa vizuri, kinapendeza kuliko wigi nyingi za bei rahisi.

Onyo kubwa, na ninaomba ulisome mara mbili: usivae nguo za kijeshi. Wahusika wengi wa katuni ni askari, na kishawishi cha kununua suruali ya mabaka sokoni ni kikubwa. Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, ya mwaka 2005 inamkataza raia kuvaa au kuwa na sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2019 jeshi lilitangaza rasmi mavazi yake, bereti nyekundu ikiwemo. Hakuna ofisa wa barabarani atakayesikiliza maelezo yako kuhusu anime, katuni za Kijapani. Sare za polisi nazo ziache. Mhusika wako akiwa ni askari, badilisha rangi kabisa: zambarau, machungwa, bluu ya anga. Mashabiki watamtambua kwa nywele na nembo.

Bunduki za bandia zinazofanana na za kweli ziache pia. Panga la chuma, kisu, upinde wenye mishale ya ncha kali, vyote vitabaki langoni kwa walinzi na huenda usivione tena. Upanga wa povu unatosha, tena ni mwepesi kuubeba siku nzima.

Hatua ya 4: Panga safari kwa kuanzia saa ya kurudi

Jiulize kwanza utafikaje nyumbani, kisha utafikaje Kampala. Jinja ni takriban kilomita 80, na kwa anayetoka huko siku moja inatosha vizuri. Iganga pia inawezekana. Busia na Tororo ni kama kilomita 200 na zaidi kidogo, na Mbale ni mbali zaidi. Siku moja inawezekana ukiondoka usiku wa manane au alfajiri sana na ukikubali kuyakosa mashindano ya jioni. Wa Gulu, Arua, Mbarara au Kabale, ushauri wangu ni mmoja: njoo jana yake, lala kwa ndugu.

Umbali kwenye Barabara ya Jinja haukuambii muda. Foleni ya kuanzia Mukono kupitia Bweyogerere, Kireka na Banda inaweza kula saa nzima au zaidi. Ukitoka Jinja saa kumi na mbili asubuhi, una nafasi nzuri ya kusimama langoni saa tatu. Ukitoka saa mbili, usishangae kuingia adhuhuri.

Taksi ya abiria 14 haiondoki mpaka ijae, basi lina saa yake. Kwa anayetoka mbali, basi ni bora: ulizia saa ya la kwanza la kwenda na la mwisho la kurudi, uandike zote mbili. Mkisimama Najjembe, pale msitu wa Mabira, kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) vitaletwa mpaka dirishani. Gonja nakubali. Kuku mwache kama umevaa nguo za tamasha au una kitabu mapajani; mafuta yake hayatoki kwenye karatasi.

Kama tamasha liko Lugogo, usiende mpaka kituo kikuu cha taksi halafu urudi. Mwambie konda mapema akushushe Nakawa au Lugogo, ambako gari linapita kabla ya kufika katikati ya mji. Kutoka hapo, boda ya programu ya simu inakuonyesha bei kabla hujapanda. Ya steji mpatane kwanza.

Onyo: usipande boda ukiwa umevaa joho, kanga ndefu ya mhusika au mkia. Kitambaa kikiingia kwenye spoku za gurudumu kinamvuta mtu chini. Vazi libebe begini, uvae ukifika. Kofia ya pikipiki nayo ivaliwe, hata kama umesuka nywele za mhusika saa nne nzima.

Hatua ya 5: Pita langoni bila purukushani

Utakaguliwa begi na kupitishiwa kifaa cha kutambua chuma, kama ilivyo kwenye maduka makubwa ya Kampala. Fungua begi mwenyewe. Upanga wa povu uonyeshe kabla hujaulizwa, na mruhusu mlinzi aushike aone ulivyo mwepesi. "Ssebo" au "nnyabo" ya heshima inafungua njia kuliko kubishana.

Ukipewa ukanda wa mkononi, usiukaze sana na usiuvue. Ukitoka kula, ndio utakaokurudisha ndani. Kama unaingia mashindano ya kosplei, jiandikishe sasa hivi, kabla ya kitu kingine chochote. Orodha hufungwa mapema, na anayekuja baada ya chakula hukuta majina yamejaa.

Mmekuja kundi? Chagueni mahali pa kukutana ambapo hapahami: mti, lango, ngazi. Kibanda cha chakula si mahali pa kukutania, kwa sababu vibanda viko vingi na vinafanana. Mwenye mtoto aandike namba ya simu ndani ya mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino.

Hatua ya 6: Zunguka mara moja, kisha rudi kununua

Nenda moja kwa moja kwenye meza za wachoraji, asubuhi, wakati hata wao bado wana sauti. Pita meza zote ukiangalia. Andika kwenye simu: meza ipi, kitu gani, bei gani. Ukimaliza mzunguko utajua roho yako imebaki wapi, na pesa itakwenda huko.

Kuna mambo mawili ya kufanya katika mzunguko wa kwanza bila kungoja. La kwanza: ukiona komiki ya mchoraji wa hapa imebaki nakala mbili au tatu, nunua sasa. Hawa watu huchapa kidogo kwa kuwa mtaji ni wao, na nakala zikiisha huenda zisichapwe tena. La pili: kama unataka kuchorwa, au kuchorewa mhusika umpendaye, weka oda asubuhi. Patana bei, ukubwa, rangi au penseli, na saa ya kuichukua. Lipa nusu, ubakize nusu. Mchana foleni ya oda inakuwa imejaa na mchoraji ana haraka, na haraka inaonekana kwenye mikono ya mhusika.

Kabla ya kulipia kitabu, kifungue taratibu. Angalia kurasa zinafuatana, pini za katikati zimeshika, wino haujapakaza. Muulize kama ni toleo la kwanza, na kama hadithi inaendelea. Kununua toleo la 3 bila la 1 na la 2 ni kujitafutia huzuni.

Utakuta pia meza zenye picha za wahusika wa Kijapani zilizopakuliwa kwenye mtandao na kuchapwa. Zinavutia na ni za bei nafuu. Siwezi kukuzuia, ila ukiwa na shilingi za picha moja tu, mpe aliyechora kwa mkono wake. Ukiwa na shaka, uliza: "Hii umeichora wewe?" Aliyeichora atakueleza mpaka penseli aliyotumia.

Hatua ya 7: Ongea na mchoraji

Wageni wengi wanaona haya. Wanasimama mbali, wanatazama, wanaondoka. Sogea. Salamu kwanza, halafu swali moja la kweli: hadithi hii inatokea wapi? Ulianza na mhusika au na mahali? Unachora kwenye karatasi au kwenye tableti? Kama Kiganda chako na Kiingereza chako havijakaa sawa, anza kwa Kiswahili. Wapo wengi watakaokujibu, na hata asiyekimudu ataelewa kidole kilichoelekezwa kwenye ukurasa ulioupenda.

Usipige picha kurasa za ndani za kitabu. Hata jalada, omba ruhusa. Mkisimama wawili mnapiga soga mbele ya meza na mnunuzi anakuja, msogee pembeni. Hiyo ndiyo siku yake ya mauzo. Na usimwambie mchoraji akupe bure kwa kuwa utamtangaza.

Kama nawe unachora, njoo na kazi yako. Kurasa nane nzuri, ndani ya faili, kwa mpangilio. Picha moja moja za shujaa aliyekunja ngumi hazimwambii mtu kama unaweza kusimulia. Leta kurasa zenye hadithi: watu wanatembea, wanakula, wanagombana, mvua inanyesha, nyuma yao kuna nyumba. Anayeweza kuchora kituo cha zamani cha taksi cha Kampala saa kumi na moja jioni hana ukurasa wa kuogopa. Muulize mtu akukosoe jambo moja, umsikilize mpaka mwisho bila kujitetea, umshukuru.

Muulize pia anachapa wapi. Wengi watakutajia Nasser Road, mtaa wa wachapaji. Ukifika huko siku yako, kumbuka mambo mawili: kijitabu kinachoshonwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne (16, 20, 24), na bei ya nakala moja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Omba kwanza nakala moja ya majaribio, uitazame kwenye mwanga wa jua kabla ya kuruhusu zote zichapwe.

Hatua ya 8: Kula, kaa, kisha nenda jukwaani

Kula kabla ya saa saba, foleni haijajaa. Rolex (chapati na mayai) au kikomando (chapati na maharage) nje ya geti vinashibisha kuliko vitafunio vya ndani, mradi umeuliza kama ukanda wako unakuruhusu kurudi. Weka vitabu begini kabla ya kugusa chakula, na nawa mikono kabla ya kuvigusa tena.

Kwenye mijadala ya wachoraji na waandishi ukae mbele, kwa sababu spika huwa zinanguruma na nyuma hausikiki ila mwangwi. Mashindano ya kosplei kwa kawaida yanachelewa. Kama ratiba inasema saa tisa, usijenge safari yako ya kurudi juu ya saa tisa hiyo.

Hatua ya 9: Picha na heshima

Omba kabla ya kupiga picha ya mtu aliyevaa kosplei. Omba hata kama amesimama kama sanamu. Usimshike, usiguse wigi, usivute mkia, usiweke mkono kiunoni. Mabinti wanaovaa kosplei wanavumilia mengi, na wapo walioacha kuja kwa sababu ya mikono ya watu. Ukiona mwenzio anafanya hivyo, mwite kando umwambie. Akiendelea, waite walinzi.

Msogee pembeni ya njia mnapopiga picha. Ukiiweka mtandaoni, taja jina analotumia mvaaji kama amekupa.

Hatua ya 10: Ondoka saa uliyoandika

Chukua oda yako, lipa nusu iliyobaki, weka bango kwenye paipu ukiliviringisha taratibu, upande wa picha ukiwa nje. Vitabu kwenye bahasha, bahasha kwenye kadibodi, kadibodi mgongoni mwa begi. Vua vazi, vaa nguo za kawaida. Saa ikifika, toka, hata kama jukwaani ndiyo wanaanza. Kuanzia saa kumi na moja jioni njia ya Nakawa hadi Mukono inajaa, na taksi zinapandisha bei kwa kuona mnavyokimbilia.

Ndani ya gari begi la vitabu likae mapajani. Usikubali liwekwe nyuma chini ya gunia la mtu.

Mambo yakienda kombo

*Tiketi haisomeki langoni.* Onyesha picha ya ujumbe wa malipo na kitambulisho, omba msimamizi wa tiketi kwa upole, usimame kando ili foleni iendelee. Usilipe mara ya pili kabla msimamizi hajaja.

*Simu imezima na pesa ilikuwa ndani.* Ndiyo sababu ya ile bahasha ya nauli. Kama na pawabenki imekufa, omba umeme kwenye meza ya wauzaji au kwa waandaaji, na usiiache simu bila mtu.

*Mtandao umejaa, malipo hayaendi.* Usitume mara ya pili. Angalia salio kwanza. Nenda nje ya ukumbi, jaribu tena, mchoraji atakuwekea kitu kama umemwambia jina lako.

*Vazi limepasuka.* Kitambaa, pini kwa ndani kwanza, sindano baadaye. Povu lililoachana, gundi, usubiri ikauke ndipo ubandike. Kiatu kikikatika, vaa malapa uliyokuja nayo uendelee. Hakuna anayetazama miguu.

*Mvua imekukuta nje.* Vitabu kwanza. Ukurasa ukilowa, usiusugue. Weka karatasi kavu ya tishu kati ya kurasa, funga kitabu, weka kitu kizito juu yake ukifika nyumbani, na ubadilishe karatasi mpaka zikauke. Usikianike juani, kitajikunja.

*Umepotezana na wenzako.* Nenda mahali mlipochagua, ukae hapo. Wawili wanaotafutana huku wote wanatembea wanapishana siku nzima.

*Umekosa basi la mwisho.* Usipande gari binafsi la mtu usiyemjua kwa kuwa ameita jina la mji wako. Mpigie ndugu au rafiki wa Kampala mapema, kabla giza halijaingia, au tafuta nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha mabasi na uondoke na basi la kwanza. Ile 20,000 ya dharura ilingoja saa hii, na mwaka ujao tenga zaidi.

*Mchoraji hajamaliza oda yako na wewe lazima uondoke.* Msigombane. Mwandikiane kwenye simu kilichobaki na siku ya kumaliza. Kisha mwambie aitume kwa basi la kwenu kama kifurushi, ikiwa katikati ya kadibodi mbili na imefungwa nailoni, jina lako na namba yako vikiwa vimeandikwa juu. Atakutumia picha ya risiti, nawe utaichukua ofisi ya basi ukiwa na kitambulisho. Nusu iliyobaki mtumie ukishaiona picha ya kazi iliyokamilika, na nauli ya kifurushi mpatane mapema nani analipa.